Aliyevuta Mitego ya Reva

Asubuhi ya kesi Nadine alimkaangia Reva mayai, kisha akakaa pembeni yake mpaka yakaisha. Alijua kwamba mtoto yule akiachwa peke yake angeyasukumasukuma kwenye sahani hadi yapoe. Nadine alikuwa mpishi wa shule, mjane, mwenye sauti ya kugomba na mkono wa kutoa. Tangu Agosti Reva alikuwa akilala kwenye chumba kidogo juu ya gereji yake, na hakuna siku aliyoulizwa ataondoka lini.

"Vaa viatu vyangu vyeusi," Nadine alisema. "Huwezi kwenda mbele ya hakimu na mabuti ya mpira yanayonuka chambo."

"Vitanipwaya."

"Tia soksi juu ya soksi. Hakimu hatazami vidole."

Reva Dorr alikuwa na miaka kumi na sita. Katika jimbo la Maine, mtoto wa umri huo anaweza kwenda mahakamani akaomba atolewe chini ya mamlaka ya mzazi wake: akae anapotaka, asaini kwa jina lake, na jasho lake liwe lake. Lakini hakimu hatoi ruhusa hiyo kwa machozi. Anataka kujua kwamba nyumbani hapakaliki, na kwamba mtoto mwenyewe anaweza kujisimamia. Reva alikuwa na jibu la swali la pili. La kwanza alikuwa amelifungia kifuani.

Jibu lake lilikuwa mitego. Pale Ghuba ya Tibbetts watoto huanza kuvua kambakoche wakiwa bado na mapengo, kwa leseni ya mwanafunzi. Reva alikuwa na boti ndogo aliyoachiwa na mama yake, winchi ya kuvutia kamba, na maboya aliyoyapaka mwenyewe rangi ya njano na mstari wa kijani. Alikuwa akitoka baharini kabla ya shule, na Jumamosi kutwa. Watu wa ghuba walisema ana mkono wa baba yake, na zamani kusema hivyo kulikuwa sifa.

Kwa sababu Wendell Dorr aliwahi kuwa mvuvi wa kutegemewa. Tena aliwahi kuwa mtu mpole. Mkewe, Alma, alipokuwa akifa kwa saratani, ni Wendell aliyekuwa akimwosha nywele zilizobaki, kichwa juu ya beseni, akijaribu maji kwanza kwa kiwiko kama anayeogesha mtoto mchanga. Reva aliyaona hayo akiwa msichana mdogo mlangoni, na hakuwahi kuyasahau, hata siku ambazo angependa kuyasahau. Halafu Wendell akateleza kwenye barafu gatini, akaumia mgongo. Daktari akampa vidonge. Daktari alipoacha kumpa, alivipata kwa watu wengine. Boti yake ikaenda, zana zikaenda, mashine ya kushonea ya Alma ikaenda. Ikabaki boti ya Reva, na kila Ijumaa Wendell alikwenda kwa mnunuzi wa kambakoche kuchukua malipo ya binti yake, kwa kuwa yeye ndiye mzazi. Mnunuzi akajifunza kusema mashine ya hundi imeharibika. Ile mashine iliharibika mwaka mzima.

Asubuhi moja ya Agosti, ukungu ukiwa mzito hata gati halionekani mwisho wake, Wendell alitaka kutoka na ile boti. Reva alimtazama macho, akaona mboni zimekuwa ndogo kama vichwa vya pini, akauficha ufunguo mgongoni. Baba yake akaushika ule mkono akausokota. Hakuacha mpaka kitu kilipolia.

Ni yeye mwenyewe aliyempeleka hospitali, akilia njia nzima. "Sema ni winchi, Reva," alimwambia. "Wakijua watakuchukua, wakupeleke kwa watu usiowajua. Sema kamba ilikukamata kwenye winchi."

Reva akasema ni winchi. Kila mtu akaamini, maana pale ghuba hakuna nyumba isiyo na mtu aliyeacha kidole baharini. Alipotoka hospitali na plasta hadi kwenye kiwiko, hakurudi kwao. Alikwenda kugonga kwa Nadine.

Mahakama ilikuwa katika mji wa wilaya, mbali na bahari. Wakili wa Reva, Bi. Pelkey, aliyewekwa na serikali, alikuwa kijana mwenye mafua, akipangusa pua na kupanga karatasi. Alikuwa ameziweka mezani risiti zote za mnunuzi ambazo Reva alimpa, za tangu masika hadi Novemba ile, zikionyesha kwamba msichana huyu hakukosa kuuza hata wiki moja. Alijivunia zile risiti. Reva alimpa zote bila kuchagua, na hakuona kosa lolote kwa kufanya hivyo.

Wendell alikaa meza ya pili, peke yake, bila wakili. Alikuwa amenyoa, akajikata shavuni. Pembeni alikaa Lyle Emery, askari wa uvuvi, aliyeitwa kuthibitisha kwamba leseni ya Reva haina doa. Kiti cha nyuma alikaa Nadine na pochi yake mapajani. Na nyuma zaidi, karibu na mlango, alikaa Elbridge Cates.

Huyo ndiye aliyemtia Reva wasiwasi. Elbridge alikuwa mzee mkavu, mwenye nyonga mbovu, na hakuwa na maelewano na nyumba ya akina Dorr. Miaka iliyopita Wendell alidai kwamba Elbridge ameweka mitego kwenye maji yake, akazikata kamba za maboya ya mzee, mitego ikapotelea chini. Tangu hapo hawakusemezana, isipokuwa siku ya kumzika Alma. Reva alidhani mzee amekuja kutazama akina Dorr wakivuliwa nguo hadharani.

Hakimu, mwanamke wa makamo aliyekulia bara kwenye mashamba ya viazi, alimsikiliza Bi. Pelkey, akapitia risiti, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Lyle akasema leseni ni safi. Kisha hakimu akamgeukia Wendell.

"Bwana Dorr, una la kuuliza?"

Wendell akasimama, mkono mmoja umeshika meza. "Ninalo, Mheshimiwa. Ninataka kumuuliza binti yangu." Akamgeukia. "Reva, mwanangu, plasta ulivaa lini?"

"Agosti."

"Ukavuliwa lini?"

"Oktoba, ilipoanza."

"Na winchi yako inataka mikono mingapi?"

Reva alikuwa ameshaona anakopelekwa.

"Miwili," Wendell alijijibu. "Mmoja wa kamba, mmoja wa mtego ukifika juu. Sasa hizo risiti za Septemba ni za nani? Nani alikuwa anavuta mitego yako?"

Nadine alivuta pumzi kwa sauti. Lyle Emery, aliyekuwa akitazama kofia yake, aliinua kichwa, kisha akakiinamisha tena haraka, kama mtu anayetamani hakusikia.

Maana hilo ni jambo lisiloulizwa. Pale ghuba mtu akiumia, au akifiwa, mitego yake huvutwa. Alfajiri anakuta kreti limejaa kambakoche, limefungwa chini ya gati lake, majini. Haulizi nani, na aliyefanya hasemi. Ukiuliza ni kama unamtukana. Sheria inakataza mtu kugusa mtego wa mwenzake bila karatasi ya askari, hata kwa nia njema, lakini watu wa ghuba hawajawahi kwenda kuomba karatasi, na askari hajawahi kuamka mapema siku hizo. Ndiyo maana Reva alizikabidhi risiti zote. Jambo lisilosemwa midomoni lilikuwa limekaa mbali na akili yake pia. Na Wendell, aliyezaliwa pale, aliyewahi kuvuta mitego ya wengine gizani, alikuwa amelitoa nje mbele ya watu.

"Reva," hakimu alisema, "unapaswa kujibu."

"Sijui, Mheshimiwa."

"Hujui nani alifanya kazi yako wiki zote hizo?"

"Hatuulizi."

"Mnaona?" Wendell alisema. "Anataka kuwa mtu mzima na hajui hata nani anamlisha."

"Bwana Dorr, kaa." Hakimu alivua miwani. "Bwana Emery, hili linaruhusiwa?"

Lyle alisimama taratibu, akiizungusha kofia. "Hapana, Mheshimiwa."

"Ni kosa dogo?"

"Hapana. Kwetu ni kosa kubwa sana. Aliyevuta anapoteza leseni." Akamtazama Reva. "Na mwenye mitego naye, kama alimruhusu."

Bi. Pelkey aliacha kupangusa pua. Reva alihisi ganzi ikianzia kwenye mkono uliounga vibaya ikipanda begani. Bila leseni hakuna mitego, bila mitego hakuna kujisimamia, na jioni ile ile angerudishwa kwenye ile nyumba, chumba cha karibu na ngazi, na Ijumaa, na macho yenye mboni ndogo. Hakimu alikuwa ameanza kuandika.

"Ni mimi," sauti ilisema nyuma.

Elbridge Cates alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti.

"Elbridge, kaa chini," Lyle alimwambia kwa sauti ndogo.

"Nimekaa vya kutosha, nyonga inaniuma."

"Wewe ni nani, mzee?" hakimu aliuliza.

"Elbridge Cates. Mvuvi." Akafikiri kidogo, akamtazama Lyle. "Nilikuwa mvuvi mpaka nilipoinuka hapa."

Hakuna aliyecheka. Aliapishwa, akakataa kukaa.

"Huyu binti alikuomba umvutie mitego?" hakimu aliuliza.

"Hakuniomba. Hakujua. Mpaka dakika hii alidhani nimekuja kumzomea."

"Sasa kwa nini ulifanya?"

Elbridge alimtazama hakimu kama mtu anayeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Mtego haujui kama mwenyewe amevunjika mkono, mama. Unajaa tu. Ukiuacha, kambakoche wanakulana mle ndani."

"Hata hivyo kazi ilikuwa yako, si yake."

"Yangu ipi? Akitoka shule alikuja gatini kujaza mifuko ya chambo kwa mkono mmoja, anafunga uzi kwa meno. Chambo chenyewe samaki aliyeoza, na yeye anafunga kwa meno. Kisha anapima kila kambakoche, aliye mdogo anarudishwa majini, anawafunga makucha, anawapeleka kwa mnunuzi. Kila siku. Mimi nilikuwa nikimwona kutoka kwenye boti yangu. Kazi alifanya yeye. Mimi nilikuwa winchi."

Wendell alicheka, kicheko kibaya cha kooni. "Elbridge Cates! Hujanisalimia tangu tulipomzika Alma."

"Na leo sijakusalimia."

"Bwana Dorr!" hakimu alionya. Akamrudia mzee. "Bwana Cates, unajua binti huyu alivunjikaje mkono?"

Elbridge alimtazama Reva, si kwa kumhukumu, ila kama mtu anayemshikia mwenzake mlango huku mikono ya mwenzake imejaa mizigo. Reva akaelewa. Ukungu wa asubuhi ile ya Agosti ulizuia macho tu. Sauti ilikuwa imefika mpaka kwenye boti ya Elbridge.

"Hilo si langu kusema," Elbridge alisema, akakaa.

Reva alifikiri juu ya yule mzee, ambaye hakuwa na pensheni wala mtoto, ambaye alikuwa ametoka kutoa kitu pekee alichojua kukifanya, na hakumdai chochote. Angeweza kusema alichosikia, amalize. Alimwachia yeye aseme.

"Haikuwa winchi," Reva alisema.

Bi. Pelkey aligeuka. Reva aliendelea, akitazama ukingo wa meza. Alisema habari ya ukungu, na ufunguo. Alisema, "Nilijua akitoka vile hatarudi." Alisema mkono ulisokotwa upande gani. Hakulia, na hakupandisha sauti, na alipofika kwenye safari ya hospitali alisema pia kwamba baba yake alilia njia nzima, na kwamba alimfunika kwa koti lake.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?" hakimu alimuuliza.

"Ni baba yangu."

Hakimu alimgeukia baba. "Bwana Dorr?"

Wendell alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe juu ya meza, kama imeletwa pale na mtu mwingine. Angeweza kukana. Karatasi za hospitali zilisema winchi, na hakuna aliyeona. Nadine alikuwa ameshajiandaa kusikia uongo, midomo imekaza.

"Ni kweli," alisema. "Nilitaka ufunguo." Kisha akaongeza, "Anachosema ni kweli."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma, kwa sauti kavu isiyo na ubaya, kwamba kuanzia siku ile Reva Dorr hayuko tena chini ya mamlaka ya baba yake. Akasema suala la mkono litapelekwa linakohusika. Akamtakia heri. Reva alikuwa amedhani akisikia maneno hayo kifua kitafunguka. Hakikufunguka. Alihisi baridi, kama mtu aliyeshuka kwenye gari asubuhi na kuacha koti ndani.

Nje ilikuwa ikinyesha theluji iliyochanganyika na mvua. Lyle Emery aliwafuata kwenye maegesho, akasimama mbele ya Elbridge, kofia mkononi, theluji ikimwangukia upara.

"Nipe kadi ya leseni, Elbridge."

"Huwezi kungoja hadi kesho? Mitego yangu yote iko majini."

"Umesema mbele ya hakimu. Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia."

"Najua." Mzee alitoa pochi, akahangaika na kadi iliyogandamana na ngozi. Lyle hakumharakisha. Alipoipokea hakuiangalia, akaitia mfukoni.

"Nani ataitoa majini mitego yake?" Reva aliuliza.

"Mwenye leseni yoyote, nikimwandikia karatasi. Kuitoa tu na kuiweka nchi kavu. Hakuna kuuza hata kambakoche mmoja."

"Niandikie mimi."

"Inatakiwa mtu mzima asaini..." Lyle alianza, akasita. Akaona haya. "Njoo ofisini Jumatatu."

"Acha, binti," Elbridge alisema. "Ni kazi ya wiki nzima, haina hata senti."

"Sikukuuliza, mzee Elbridge," Reva alimjibu, na mzee akageuza uso upande wa barabara.

Ndipo waliposikia funguo zikianguka. Wendell alikuwa amesimama kando ya pikapu yake, mlango bado umefungwa. Aliinama, akaziokota, akajaribu tena, na ufunguo ukawa unapigapiga juu ya tundu bila kuingia. Alikuwa hajala kidonge tangu jana yake, ili awe mtu mahakamani, na sasa mwili ulikuwa ukimdai.

"Reva," aliita. "Njoo unipeleke."

Reva alikuwa akimwendesha baba yake kwenye gari tangu kabla hajafikia umri wa kuendesha. Miguu yake ilianza kwenda yenyewe, hatua moja, na ya pili. Kisha akasimama katikati ya maegesho.

"Hapana, baba."

"Barabara inateleza."

"Najua."

"Nyumba ina baridi. Jiko limezimika tangu juzi."

"Kuni ziko chini ya ngazi. Nilipasua za kutosha kabla sijaondoka."

"Nani ataliwasha?"

Jibu la Reva lilikuwepo, jepesi, la kila siku ya maisha yake, na kama angelitamka, yote yaliyosemwa ndani asubuhi ile yangekuwa bure. Alijua pia kwamba yule mtu anaweza kufa ndani ya ile nyumba kabla ya masika, na kwamba yeye ndiye atakayeambiwa kwanza. Alisimama na hayo yote mawili. Theluji ilimwingia shingoni.

"Basi," Wendell alisema. "Basi, mwanangu. Nimesikia."

Nadine alipita katikati yao, pochi kwapani, akitembea kama anayekwenda kugombana. Akazichukua funguo mkononi mwa Wendell bila kuomba.

"Sogea. Zunguka upande ule."

"Wewe Nadine hunipendi."

"Sikupendi hata kidogo. Ingia. Na usiniongeleshe njia nzima." Akageuka. "Elbridge, mlete mtoto. Kuna maharage kwenye oveni kwangu. Mle, msiningoje, nitakawia, nina jiko la kuwasha."

Pikapu iliunguruma, ikazimika, ikaunguruma tena. Kupitia kioo Reva aliwaona wamekaa mbalimbali, kila mmoja akitazama mbele. Wendell alikuwa akipapasa mkanda, akiukosa, akiupapasa. Nadine alimtazama kidogo, akanyoosha mkono kumpita kifuani, akamfungia. Kisha akarudisha gari nyuma, polepole kwa sababu ya utelezi, akaliingiza barabarani.